Naomba ushauri: wakili wa talaka na malezi ya mtoto, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Niko Kondele, ndoa ya miaka sita imenishinda. Baba watoto alimchukua kijana wetu wa miaka minne akampeleka kwa nyanya yake Siaya, eti "Jumapili namrudisha". Hii ni wiki ya tano. Viatu vyake vya chekechea bado viko mlangoni. Wakili wa kwanza alikula elfu kumi na tano za kufungua faili, sasa simu hashiki (risiti nayo hakunipa, ujinga wangu). Sheria ya Watoto ya 2022 inasema wazazi tuna jukumu sawa, kwa hivyo nataka kwanza niende Mahakama ya Watoto, talaka ifuate. Nianzie FIDA (shirika la mawakili wanawake) hapa mjini, ama kuna wakili anayekubali kulipwa pole pole?