Eksoskopu ya 3D au hadubini: nishike ipi?

Mwanagenzi_Ubongo
Heshima kwenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho wa ubingwa wa upasuaji wa ubongo. Kitengo chetu kimepata eksoskopu ya 3D, yaani kamera inayokaa juu ya jeraha na kutuonyesha picha kwenye skrini tukiwa tumevaa miwani ya 3D; hadubini imesogezwa pembeni. Picha ni safi mno. Ila juzi nikiwa msaidizi upande wa pili wa meza, kila nikipeleka kifyonza kulia, kwenye skrini kinakwenda kushoto. Bosi akadhani nimechoka. Hili tatizo ni langu au la mashine? Na je, niitumie kwa kesi zote?

Dkt_Mkongwe
Mdogo wangu, hujachoka. Kamera inatazama kutoka upande wa bosi, wewe umesimama mkabala naye, kwa hiyo mkono wako na picha vinapingana. Kwenye hadubini msaidizi wa mkabala ana lenzi zake, picha inamjia kwa upande wake, ndiyo maana hukuwahi kuliona hili. Dawa ni skrini ya pili nyuma ya bosi, yenye picha iliyogeuzwa nyuzi 180. Kama mfumo wenu hauwezi, hamia ubavuni mwake mtazame skrini moja. Usikubali kufanya kazi kinyumenyume kwenye ubongo wa mtu.

Kuhusu kesi zote: hapana. Nieleze vizuri, maana naipenda mashine hii. Tangu Theodore Kurze aingize hadubini kwenye upasuaji wa ubongo mwaka 1957, sisi ndio tunaozifuata lenzi: zikiinama tunainama. Shingo yangu inalijua hilo. Tofauti utaiona kwenye uvimbe wa tezi ya pineali, iliyo ndani katikati ya ubongo, mgonjwa akiwa amekalishwa. Kwa hadubini unafanya kazi mikono imenyooshwa mbele saa nzima, kwa sababu chombo chenyewe kimekaa kati yako na jeraha. Eksoskopu ni kamera ndogo, unaiweka sentimita 30 au 40 kutoka kwenye jeraha, nawe umekaa wima, viwiko mbavuni, macho kwenye skrini. Kwa kesi hiyo sirudi nyuma.

Lakini njia ikiwa nyembamba na ndefu, damu ikaanza kutoka chini kabisa, skrini yote inakuwa nyekundu na kina kinapotea. Huoni tena kama mshipa uko mbele ya neva au nyuma yake. Na ukikuza sana, baadhi ya mifumo inatanua picha kidijitali tu, ukungu unaingia pale pale unapohitaji kuona. Kwa anurizimu (mshipa wa damu uliotuna) iliyo ndani sana, mimi naiacha hadubini chumbani, imeshavikwa plastiki, tayari kuvutwa. Wewe anza na uti wa mgongo na meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) za juu juu, ndipo uteremke.

Sista_Theatre
Shikamoo Dokta. Naongezea kutoka meza ya vyombo. Zamani nilisubiri mkono wa mpasuaji unyooke ndipo nijue anataka nini. Sasa nami nimevaa miwani, naona mshipa unaanza kuvuja, na bipola, koleo ya umeme ya kuziba damu, iko mkononi mwake kabla hajasema. Hilo kwangu ni kubwa kuliko ubora wa picha.

Mdogo wangu, angalia urefu wa skrini. Ikiwa juu au chini sana ya macho, picha inagawanyika mbili na kichwa kinauma. Sisi tunaipanga kabla ya kumfunika mgonjwa, mpasuaji akiwa amekaa kwenye kiti kile kile atakachotumia, kimeinuliwa kama atakavyokitaka. Akipimiwa amesimama, akikaa yote yanaharibika.

Mwanagenzi_Ubongo
Asanteni sana. Tutaomba skrini ya pili. Na glioma (uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe) kwa 5-ALA, ile dawa ya kunywa inayoufanya uvimbe ung'ae, je, eksoskopu inafaa?

Dkt_Mkongwe
Marahaba Sista, umesema kweli tupu. Mwanagenzi, inafaa kama ina mwanga wa buluu na kichujio chake, uione glioma iking'aa nyekundu. Si mifumo yote inavyo, kwa hiyo muulize fundi wenu kabla mgonjwa hajanyweshwa dawa. Na kapime macho yako kwa daktari wa macho, hasa uwezo wa kuona kina kwa macho mawili. Wapo ambao hawana, wamezoea maisha yao yote na hawajui, na kwao skrini ya 3D haitofautiani na runinga ya kawaida.