Historia ya Git imejaa "Merge branch": nisafishe ao niache?

kijana_kadutu
Jambo wakubwa. Tuko watatu hapa Bukavu, tunatengeneza programu ya stoki ya duka la dawa, na tunatunza historia ya msimbo kwa Git. Umeme ukikatika kila mtu anaendelea kwenye mashine yake. Ukirudi wote tunapiga git pull kuvuta kazi ya wenzetu toka seva, na kila mara inaongezeka komiti (hatua iliyohifadhiwa kwenye historia) ya kuunganisha tu. git log --graph sasa ni mistari inayopandana tu. Tena kwenye tawi langu la "fakturi" niko na komiti za aibu: "sawa", "sawa sasa", "jaribu tena". Mwisho wa mwezi tunamkabidhi mteja. Nipige rebase, yaani kuzipanga upya komiti, kote?

himbi_goma
Piga rebase kwenye main, tawi kuu la wote, kisha push --force, kusukuma kwa seva kwa nguvu. Dakika tano tu.

yaya_nguba
Hapana, mdogo wangu, usimsikilize. Komiti iliyopigwa rebase inazaliwa upya na namba nyingine, hata kama msimbo wake haukubadilika. Wenzako bado wako na zile za zamani. Wakipiga pull na kusukuma, zote zinarudi, kila kazi mara mbili. Main iache ilivyo. Mwenye duka la dawa hatasoma log yako.

"Fakturi" ni jambo lingine. Kuna mwenzako aliyejenga juu yake?

kijana_kadutu
Hakuna, yaya. Iko kwenye seva lakini naigusa mimi peke yangu.

yaya_nguba
Basi ni yako. Ukiwa kwenye fakturi, anza na git branch akiba, nakala ya kurudia. Kiisha git rebase -i --keep-base main. Orodha itafunguka, komiti ya zamani ikiwa juu. Penye "sawa sasa" futa neno pick mwanzoni mwa mstari, andika fixup: itamezwa na ile ya mstari wa juu. Ikikataa katikati na hujui pa kushika, git rebase --abort itakurudisha ulipoanzia. Ukimaliza, linganisha na akiba: git diff akiba isitoe hata mstari mmoja. Ndipo usukume kwa --force-with-lease, maana hiyo inakataa kama seva iko na kitu usichokijua.

Na ninyi wote watatu: git config --global pull.rebase true. Kazi ambayo haijasukumwa itapangwa juu ya ile ya wenzenu, bila komiti mpya ya kuunganisha.

himbi_goma
Ongeza rebase.autoStash true, inayoweka kando mabadiliko yako kwa muda, la sivyo pull itakataa kila ukiwa na faili ulizobadilisha bila komiti.

kijana_kadutu
Aksanti. Diff imetoka tupu, fakturi imebaki na komiti nne. Akiba nifute?

yaya_nguba
Ngoja kwanza iingie main.