Manesi wapya na dripu: nawafundishaje mpaka iwakae?

Nesi wa Zamu
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni nesi, mwaka wa 12 sasa niko wodini, nimepewa manesi wapya sita niwafundishe dripu kabla hawajaachwa zamu peke yao. Shida sio kupata mshipa, hilo wanaweza kabisa, yupo mmoja ana mkono mwepesi hadi raha, kanula ya njano (kile kimrija kidogo cha mshipani) kwa kichanga anaweka mara moja tu. Shida ni kwamba akishabandika plasta anaona kazi imeisha. Wiki iliyopita saa nane usiku napita wodini nakuta mtoto mkono umemvimba, ngozi inang'aa, ukigusa baridi, na dripu inadondoka tu, mama yake kapitiwa na usingizi. Nikafunga palepale, nikachomoa, nikauegemeza mkono kwenye mto. Ilikuwa RL tupu (Ringer's lactate, maji ya chumvichumvi ya dripu), namshukuru Mungu, ingekuwa dawa inayounguza tungekuwa tunaongea mengine. Mnaofundisha mnafanyaje jamani? Maana darasani wote wanajibu vizuri.

Mkufunzi T
Pole sana sista. Mimi siku hizi sianzi na kuchoma, naanza na saa. Nampa mwanafunzi chupa ya nusu lita na seti (mrija wa dripu), namwambia daktari kaandika iishe kwa masaa manne, haya nipe matone. Wengi wanabaki wananitazama. Hesabu yenyewe ndogo, ml 500 mara 20 gawa kwa dakika 240, unapata kama 42 kwa dakika, ila hiyo 20, yaani matone kwa ml moja, asiikariri, asome kwenye pakiti ya seti kila mara maana zipo za 15 na ile bureti ya watoto (seti yenye kichupa cha kupimia maji) ni matone 60 kwa ml moja. Ukichanganya hapo mtoto anapata mara tatu ya alichoandikiwa.
Akishapata jibu anasimama anahesabu dakika nzima huku anacheza na kile kigurudumu mpaka matone yatulie. Halafu namwambia mwenzake aliyelala pale kitandani akunje kiwiko. Hesabu tena! Matone yamebadilika na hakuna aliyegusa kitu, hapo ndo wanaelewa kwa nini lazima urudi. Kwenye chupa abandike utepe wenye alama maji yafike wapi saa ngapi, hata mtu wa wodi ya pili akipita anaona dripu imechelewa au imekimbia.

Dr wa Watoto
Mkufunzi kamaliza, naongezea la watoto tu. Wafundishe kuuliza KWA NINI anapewa maji. Utafiti wa FEAST uliotoka 2011 ulifanyika hukuhuku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania (Muheza ilikuwemo), watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za shoku (damu haifiki vizuri mwilini). Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa kama 10 na ushee katika kila 100 ndani ya masaa 48, wasiomiminiwa 7. Wengi wetu tulifundishwa kinyume kabisa. Ila wa kuharisha aliyekauka sana ni habari nyingine, huyo anahitaji haraka, ml 100 kwa kila kilo, akiwa chini ya mwaka 30 za kwanza zinaingia ndani ya saa moja na 70 kwa masaa matano, aliyevuka mwaka ni nusu saa kisha masaa mawili na nusu. Aliye na utapiamlo mkali usimguse kwa hesabu hizo, ana mwongozo wake. Nesi anayejua tofauti hii atanipigia simu usiku kabla hajafungulia, na mimi nataka anipigie.

Sista Pwani
Mbona hamjagusa potasiamu?? Ile ampulu ukiiweka pamoja na za maji ya kuchanganyia dawa, usiku taa hafifu, zinafanana. Ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa moyo unasimama. Sisi tumeitoa kwenye troli, inakaa kabatini imefungwa, na anayeichanganya anasomewa lebo na mwenzake kwa sauti. Usiidunge kwenye chupa inayoning'inia inatiririka, inakaa chini yote, ishushe uigeuzegeuze kwanza. Na seftriaksoni (antibiotiki) na RL kwa kichanga hapana, kalsiamu iliyomo kwenye RL inagandana na dawa.

Mama Wawili
Mimi sio nesi samahani kuingilia. Mwanangu alilazwa na nimonia, nesi aliyemuwekea alichukua kidole changu akakiweka pale kwenye kanula akaniambia mama, sikia palivyo sasa, laini na pa vuguvugu, pakiwa pagumu au pa baridi au mtoto akilia ukipagusa, niite hata kama nimelala. Saa kumi alfajiri nilimuita kweli, alikuja mbio akahamishia mkono mwingine, wala hakunigombeza. Hadi leo namkumbuka.

Nesi wa Zamu
Mama Wawili, hiyo ya kidole sikuwahi kuiwaza miaka yote hii, naianza Jumatatu. Mkufunzi nitafanya ya kiwiko, na utepe nimeshaomba stoo. Sista, nimetoka kuangalia troli letu sasa hivi, ampulu za potasiamu zilikuwa sanduku moja na za maji. Nimezitoa. Mtoto mkono ulinywea siku ya pili, amesharuhusiwa.