PS3 na Wii: kula hasara kwenye mashine au kuuza kwa faida tangu mwanzo?

mzani_wa_bei: Wakuu, hizi mashine mbili za gemu, PS3 ya Sony na Wii ya Nintendo, ziliingia sokoni mwezi mmoja, Novemba 2006. PS3 ya GB 60 iliuzwa dola 599 Marekani. iSuppli, kampuni ya utafiti wa vipuri, waliifungua wakakadiria vipuri na kuunganisha ni kama dola 840. Pengo ni dola 241, na bado hujatoa usafiri, matangazo na chake mwenye duka. Wii ilikuwa dola 250, na Nintendo walikula faida tangu siku ya kwanza. Ipi mbinu bora?

chipu90: Hasara inalipa kama gharama inashuka haraka, au gemu zinairudisha. Chukua mrabaha, yaani chake mwenye mashine kwa kila gemu inayouzwa, wa dola 10, mfano tu: dola 241 ni gemu 24 kwa kila mteja. Wengi hawafiki huko. Ndiyo maana Sony walianza kupunguza vitu. Mashine za Ulaya, Machi 2007, ziliondolewa prosesa ya PS2, mashine iliyotangulia, iliyowekwa ili gemu zake zichezeke. PS3 ya GB 40 ikabaki na matundu mawili ya USB badala ya manne, haina pa kuchomeka memori kadi, na diski za PS2 haisomi kabisa. Kazi kubwa ilikuwa kwenye Cell, chipu kuu ya PS3, iliyotengenezwa kwa vipimo vidogo zaidi kila mara: nanomita 90, kisha 65, na 45 kwenye PS3 Slim ya 2009 iliyouzwa dola 299. Chipu ikiwa ndogo zinatoka nyingi kwenye sahani moja ya silikoni, joto linapungua, na feni na pawasaplai nazo zinakuwa za bei nafuu.

Mama Stoo: Mkuu chipu90, hayo yote yanataka mashine ziwepo dukani! Dayodi za leza ya bluu, zinazosoma diski za Blu-ray za PS3, zilikosekana, Sony wakakata lengo la mwisho wa 2006 kutoka milioni 4 hadi 2, na Ulaya ikasogezwa hadi Machi. Kipuri kimoja kikikwama, vingine vyote vinalala stoo na pesa imeshalipwa.

kapu_la_gemu: Wii nayo iliadimika 2007 na sehemu kubwa ya 2008, ingawa ndani ni ukoo wa GameCube tu, mashine ya zamani ya Nintendo. Nintendo walibania mzigo makusudi.

Mama Stoo: Sikubali. Anayepata faida kwa kila mashine anapoteza faida kwa kila mteja anayeondoka mikono mitupu. Chipu zinaagizwa miezi kabla, na ukiongeza laini ya kiwanda kwa ajili ya Krismasi, Februari unabaki nayo. Walipandisha kutoka milioni 1.8 hadi 2.4 kwa mwezi. Ile bei ya ulanguzi juu ya dola 250 haikuingia kwa Nintendo hata senti.

mzani_wa_bei: Na Nintendo hao hao 2011 walishusha 3DS, mashine yao ya mkononi, kutoka dola 250 hadi 170 ndani ya miezi mitano, wakauza kwa hasara. Hakuna aliyeapa kubaki upande mmoja.

chipu90: Kweli. Ila leo kubahatisha hasara ni hatari zaidi. PS5 ya diski, dola 499, iliacha kuuzwa kwa hasara mwaka 2021, chini ya mwaka mmoja tangu itoke. Zamani baada ya hapo bei ingeshuka. Badala yake ilipanda nchi nyingi Agosti 2022, na Marekani Agosti 2025 ikafika 549. Kupunguza ukubwa wa chipu hakuokoi pesa kama enzi za Cell, kwa hiyo ukianza na pengo la dola 241 sasa, utaliziba na nini?