Photoshop, GIMP au Photopea kwa kazi ya teksicha na leya?

fundi_mabango: Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ya bango la taarabu, mteja anataka lionekane la kale, kama karatasi iliyosahaulika stoo. Nataka programu ya kuweka teksicha (sura ya uso wa kitu, kama karatasi au ukuta) juu, kwenye leya yake, yaani tabaka lake, bila kuiharibu picha yenyewe. Photoshop ya kulipia kila mwezi imenitoboa mfuko. GIMP bure, Photopea bure. Nishike ipi? Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Leya: Umeuliza nusu. RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ngapi? Bango la kuchapa au la kurusha WhatsApp?

binti_pwani: GIMP. Tangu toleo la 3.0, Machi 2025, ukiweka kichujio (filta ya kubadili mwonekano wa picha) unaweza kurudi kesho ukakirekebisha. Zamani ukishaweka ndiyo basi.

Kachero77: GIMP vitufe vinajificha kama mdaiwa mwisho wa mwezi. Photopea iko kwenye kivinjari na PSD, faili za Photoshop, inafungua. Picha ya karatasi iliyokunjamana iweke juu, chagua Maltiplai, namna ya kuchanganya leya: nyeupe inapotea, mikunjo inabaki. Opasiti, yaani uzito wa leya kuonekana, shusha hadi asilimia 40 hivi. Kwisha kazi.

Mzee_wa_Leya: Kama ni nyeupe kweli. Karatasi ya kaki itakupakia rangi ya chai bango zima, mpaka uso wa mwimbaji. Weka maski (kifuniko cha leya), paka nyeusi pale usoni, teksicha itafichika hapo.

shangazi_dizaini: Mie niliumia. Nilimtuma kijana apige picha ukuta wa chokaa, akanitumia WhatsApp, nikaivuta ikajaa bango la mita tatu. Kwenye skrini, tamu! Lilipotoka mashineni, chembe za chokaa zimekuwa vigae vya bafuni. Mteja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, hakusema neno. Na leya zote nilishaziunganisha nikahifadhi JPEG tu, kwa hiyo hata kuitoa ile teksicha sikuweza. Nikaanza upya usiku, na flexi, ile turubai ya kuchapia bango, nikalipa mwenyewe.

Kachero77: Pole shangazi, ila hapo WhatsApp ndiyo iliyobana picha. Programu haina kosa.

shangazi_dizaini: Nani kailaumu programu? Soma vizuri, mwanangu.

mpiga_chapa: Mbona Affinity, programu nyingine ya dizaini, hamuitaji? Bure tangu Oktoba 2025.

binti_pwani: Natumia Linuksi badala ya Windows, kwangu haina toleo.

Kachero77: Haya, Linuksi imeingia. Hatulali leo.

mwana_wa_udi: Kwani taarabu asilia au ya kisasa? Kama ni asilia mnalichakaza la nini? Watu wanakwenda na kanzu zimepigwa pasi, bango limejaa ukungu!

fundi_mabango: Mteja ndiye anayetaka, mkuu. Ni la kuchapa, mita mbili. RAM 4.

Mzee_wa_Leya: GB 4? Photoshop yenyewe inadai 8! Ulikuwa unaifunguaje?

fundi_mabango: Nabonyeza, naenda kununua vitumbua, nikirudi ndiyo inamalizia kufunguka.

binti_pwani: Vitumbua vya wapi hivyo saa zote vipo?