Mafundi, pimeni kwanza! Nimefungiwa betri, stata na swichi, kumbe ubovu ni waya mmoja

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Wiki tatu nimeishi na gari ambalo likitaka linawaka, lisipotaka linatoa "tak" moja na kunyamaza. Ndani ya wiki hizo limepita kwa mafundi watatu. Limefungwa betri mpya, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) iliyotoka kwenye gari jingine, na swichi mpya ya ufunguo. Vyote nimelipia. Gari likaendelea na "tak" yake vilevile. Mbovu alikuwa waya mnene mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, na aliyeugundua ni mimi, nisiye fundi, kwa multimita (kipimo cha umeme) ya kuazima.

Fundi wa kwanza nilimpigia simu asubuhi nikamwambia gari haliwaki. Palepale akajibu, "Hiyo betri." Hakuuliza lolote. Alikuja na betri mkononi.

Jamani, "gari haliwaki" ni magonjwa mawili tofauti! Kuna gari ambalo ukizungusha ufunguo stata haizungushi injini: kimya, au tak moja, au tak-tak-tak mfululizo. Na kuna gari ambalo stata inazungusha vizuri kabisa ila injini haishiki. La kwanza unalitafuta kwenye betri, nyaya zake, stata yenyewe, na njia inayoipelekea stata amri (kwenye otomatiki hata swichi ya gia imo humo, ndiyo maana mtu huambiwa ajaribu kwenye N badala ya P). La pili ni mafuta, cheche, hewa, au gari limegoma kwa sababu halijautambua ufunguo. Ukisikiliza pampu ya mafuta ikinguruma kidogo unapofungua swichi, umeshapata pa kuanzia. Swali moja tu, "stata inazungusha au haizungushi?", linakupunguzia nusu ya kazi kabla hujashika spana. Mafundi watatu, hakuna aliyeniuliza.

Na hata tak zenyewe zinasema. Tak-tak-tak za harakaharaka mara nyingi ni betri isiyo na nguvu: inavuta, inaishiwa, inaachia, inavuta tena. Tak moja ya nguvu halafu kimya, hapo tazama stata na nyaya nene. Langu lilikuwa tak moja, kila siku, tangu siku ya kwanza.

Kuna na kipimo cha taa ambacho hakihitaji chombo chochote. Washa taa kubwa, mmoja asimame mbele ya gari, mwingine apige stata. Zikififia mpaka karibu kuzima, betri imechoka, tamino (vichwa vya nyaya vinavyobana kwenye betri) zimelegea, au stata imekwama na inanyonya umeme bila kuzunguka. Zikibaki na mwanga wake, umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe haiuvuti. Zangu hazikutikisika. Nilimwambia fundi wa pili hivyo, akanijibu niachie kazi kwa mwenye kazi. Akashusha stata.

Sasa naomba mnielewe hapa, maana ndipo nilipoumia zaidi. Kila fundi alipomaliza, gari liliwaka. Betri mpya: liliwaka, siku mbili. Stata: liliwaka, siku nne. Swichi: liliwaka, halafu jioni ileile likagoma. Kila mmoja aliondoka akiamini ametibu, na mimi nilimlipa nikiamini hivyohivyo. Kumbe ili ufunge betri lazima ulegeze tamino ya hasi na kuukunja ule waya pembeni. Ili ushushe stata unaanza kwa kuchomoa hasi. Hata yule wa swichi alichomoa hasi kwanza, kama inavyotakiwa. Kila waya ulipotikiswa, nyuzi zilizokuwa zimebaki zinagusana upya, gari linapata uhai wa siku chache. Gari kuwaka baada ya kufunga spea si ushahidi kwamba spea iliyotoka ilikuwa mbovu. Huo ushahidi hakuna aliyeutafuta, kwa sababu hakuna aliyepima.

Fundi wa tatu ndiye aliyechomeka mashine ya kusoma hitilafu. Mashine haikuonyesha kosa lolote. Badala ya kuelewa kwamba mashine husoma kile tu ambacho kompyuta ya gari inakifuatilia, na kwamba waya wa hasi hauna kihisio cha kuusemea, akahitimisha kwamba kompyuta ya gari ndiyo imekufa. Akataka tununue nyingine. Hapo nikachukua ufunguo wangu.

Jioni nikaazima multimita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. (12.2 ni kama nusu, chini ya 12 hiyo ya kuchajiwa kwanza kabla hujalaumu kitu kingine.) Jirani akakaa kwenye usukani. Alipopiga stata, tak, betri ikashuka hadi 11.6 tu. Kwa kawaida stata inapozungusha betri hushuka zaidi ya hapo, na ikifika chini ya 9.6 ndipo unaanza kuishuku betri. Yangu ilikuwa nzima, ila haikuvutwa umeme wa kutosha. Umeme ulikuwa umezuiwa mahali.

Nikaweka ncha moja ya kipimo juu ya nguzo ya risasi ya hasi, si kwenye tamino, kwenye nguzo yenyewe. Ncha nyingine kwenye chuma cha injini nilichokikwangua kwa kisu mpaka kikang'aa. Hapo kipimo kinaonyesha volti zinazopotea kwenye waya; waya ukiwa mzima, stata inapopigwa, zisizidi takriban 0.2, basi tuseme hata 0.5. Jirani akapiga. 4.8. Nikamwambia arudie. 4.9.

Karibu volti 5 zinafia kwenye waya mmoja! Stata inabaki na chini ya volti 7 za kuzungusha injini nzima, itatoa nini kama si tak?

Kuhakikisha, nikachukua waya mweusi wa kubustia, upande mmoja nikabana kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini. Gari likawaka mara moja. Nikautoa, tak. Nikaurudisha, likawaka. Mara tano mfululizo. Kazi yote, tangu kufungua boneti, haikufika nusu saa.

Nilipoufungua ule waya, kwa nje ganda lilikuwa jeusi, zima, huwezi kulishuku. Nikalichana karibu na kichwa kinachofungwa kwenye injini, unga wa kijani ukamwagika kiganjani. Shaba ilikuwa imeliwa. Nyuzi nilizozikuta zimeshikana hazifiki kumi, na mbili zilikatika nilipozigusa kwa kucha.

Najua kuna mafundi humu watasema wateja hawataki kulipia kupima, wanataka kuona kitu kipya kimefungwa. Mimi ningelipia. Niambie "nataka nusu saa nipime, na nusu saa yangu ina bei", nitakulipa na kukushukuru. Ninachokataa ni kulipia kubahatisha kwako, halafu ukikosea hasara iwe yangu peke yangu. Multimita ni chombo kidogo cha kuingia mfukoni. Fundi wa umeme wa magari anayefika kwa mteja na betri mkononi lakini hana multimita, huyo amekuja kuuza betri.

Nimefunga waya mpya, nimesafisha chuma kwa msasa pale unapokaa, nimekaza. Siku ya kumi na moja leo, nusu ya mpigo tu limeshawaka.

Sasa nadai vitu vyangu. Betri ya zamani na swichi nimerudishiwa. Stata yangu ya mwanzo, iliyokuja na gari, ambayo hakuna aliyeipima, fundi wa pili anasema "ilichanganyika na nyingine" na hajui iko wapi. Nimekwenda mara mbili. Kesho nakwenda ya tatu, na nitakaa hapo mpaka itafutwe.