Linux inanikatalia kufungua diski ya ndani na wala haiulizi paswedi, msaada wakuu

Mpigachapa
Wakuu habari za jioni. Nina stesheneri ndogo hapa Morogoro, kompyuta ya dukani ni ya zamani ramu 4GB, Windows ilikuwa inakwama mno nikaweka Debian 12 (aina ya Linux) na i3 (kipanga madirisha chepesi) maana deskitopu nzito inaielemea. Sasa ile patisheni (sehemu ya diski) ya zamani yenye kazi za wateja, nimeipa jina KAZI, nikiibofya kwenye Thunar (programu ya kutazama mafaili) inaniambia "Not authorized to perform operation" basi, kimya, hakuna kidirisha cha paswedi wala nini. Flashi za wateja zinafunguka vizuri kabisa. La pili, nina binti ananisaidia, ana akaunti yake, nataka awe anafungua KAZI bila mimi kumpa paswedi yangu. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

jembe_la_kodi
Mkuu usihangaike, muweke binti kwenye sudo (ruhusa ya kuendesha amri kama msimamizi) na uandike NOPASSWD (asiulizwe paswedi), kila kitu kitafunguka.

Kibatari
Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Hiyo ni kompyuta inayochomekwa flashi za watu wasiojulikana kutwa nzima, ukimpa binti root (mamlaka yote ya mashine) bila paswedi umempa na kila programu itakayojiwasha kwa jina lake.

Mpigachapa fungua terminali uandike hii halafu utuambie inasemaje:

`udisksctl mount -b /dev/sda3`

(badilisha sda3 iwe patisheni yako, itazame kwa `lsblk -f`)

Mpigachapa
Imeniuliza paswedi palepale kwenye terminali, nimeandika, imefunguka! Sasa mbona Thunar haiulizi?

Kibatari
Ndo nilichotaka kukiona. Ruhusa unayo, unachokosa ni ajenti. Iko hivi: Thunar haifungui diski yenyewe, inamwomba udisks2 (huduma ya kufungua diski), udisks2 anamuuliza polkit (mwamuzi wa ruhusa) "huyu aruhusiwe?", polkit anasoma kanuni anakuta flashi ni ruksa kwa aliyekaa mbele ya mashine, ila diski ya ndani inataka paswedi ya msimamizi. Sasa polkit hana dirisha lake, anategemea tarishi wa kuja kukuuliza kwenye skrini, huyo tarishi ndo ajenti. GNOME anakuja naye ndani tayari, KDE wana wa kwao, i3 haina mpaka umuweke mwenyewe. Asipokuwepo ombi linakataliwa bila hata kuulizwa. Kwenye terminali ulifanikiwa kwa sababu udisksctl inabeba ajenti wake wa maandishi. Basi weka ajenti anayeitwa lxpolkit:

`sudo apt install lxpolkit`

kisha kwenye `~/.config/i3/config` ongeza

`exec --no-startup-id lxpolkit`

Toka ulogini upya, kurilodi tu hakutoshi kwa mstari wa exec. Weka ajenti mmoja tu, wa pili atakataliwa kwa kuwa seshoni moja ina ajenti mmoja.

Dada_Terminali
Kuhusu binti: ajenti haamui chochote, hata ukimuwekea lxpolkit ataombwa paswedi yako wewe. Kinachoamua ni kanuni. Tengeneza grupu `sudo addgroup duka`, muingize `sudo adduser jina_lake duka`, halafu andika faili `/etc/polkit-1/rules.d/49-duka.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
  if (action.id == "org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount-system" &&
      action.lookup("device") == "/dev/sda3" &&
      subject.isInGroup("duka") &&
      subject.local && subject.active) {
    return polkit.Result.YES;
  }
});
```

Huo mstari wa device usiuache, bila huo atafungua patisheni zote za ndani. Na ukikuta mafunzo ya zamani yanayosema andika faili la .pkla (muundo wa zamani wa kanuni za polkit) yapite, hiyo ilikuwa hadi Debian 11.

jembe_la_kodi
Nimeelewa, nafuta ushauri wangu. Ila si huyu polkit ndo alikuwa na tundu kubwa?

Dada_Terminali
Lilikuwa kwenye pkexec (amri ya polkit ya kuendesha programu kama root), namba yake CVE-2021-4034, lilitangazwa Januari 2022 na lilikuwepo tangu 2009, mtumiaji yeyote wa kawaida aliweza kuwa root. Lilishazibwa, Debian 12 imetoka baada ya hapo, we piga apdeti tu.

Mpigachapa
Wakuu kidirisha kimetokea, nimefurahi sana! Na binti kafungua KAZI bila paswedi. Ila leo asubuhi niliifungua mimi kwanza nikatoka, alipolagini yeye akaambiwa hana ruhusa ya kuingia kwenye folda.

Kibatari
Hapo polkit haihusiki tena. Ukifungua wewe inakaa ndani ya `/media/jina_lako` na folda hiyo inasomwa na wewe tu, na kulogauti hakuifungi. Kabla ya kutoka ifunge kwa Thunar, yeye ataifungua upya kwa jina lake. Kama mnapokezana mara nyingi kwa siku bora uiandike kwenye fstab (faili la orodha ya diski) iwe inafunguka kompyuta ikiwaka, weka `gid` (namba) ya grupu duka na `umask=007` (wasio wa grupu wasiingie), na `nofail` ili diski ikisumbua mashine iwake tu. Tuma `lsblk -f` nikuandikie mstari wenyewe.

Mpigachapa
Natuma nikifungua duka kesho mkuu.